Michezo ya Krismasi kwa watu wazima wa jumuiya: mwaka jana kiti kilivunjika, mwaka huu nifanyeje?

MkaaBamburi · Desemba 2, saa 3:10 usiku

Wapwani na mliohamia, salamu zenu.

Jumuiya yetu imenitwika mzigo. Tarehe 26 tunakutana kwa mama mmoja hapa Bamburi, uani kwake pana mwembe mkubwa, tule pilau "na tucheze kidogo". Hayo ndiyo maneno ya mwenyekiti, tucheze kidogo, kisha akanigeukia mimi na kila mtu akapiga makofi. Watu wazima ni kama arobaini, watoto usiwahesabu. Mkubwa wetu ni bibi wa miaka themanini na kitu, mdogo ni kijana aliyemaliza chuo juzi. Nimepewa shilingi 4,000 za michezo na zawadi. Pilau ina fungu lake.

Sasa niwape kisa cha mwaka jana, maana bila hicho hamtaelewa mbona naogopa.

Tulicheza viti vya muziki. Kuna mzee mmoja, mtu mzito wa mwili na wa heshima, hakutaka kuingia. Tukamvuta. "Mzee ingia! Mzee ingia!" Akaingia kwa kutuonea haya. Muziki ukanyamaza, akakaa, na kile kiti cha plastiki kikatandaza miguu minne kama ndama anayezaliwa. Mzee chini, kofia kule. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Jioni video iko kwenye kundi la WhatsApp, imetiwa na muziki wa taarabu.

Mzee hakugombana na mtu. Alijipangusa mchanga, akala pilau yake, akaaga. Jumuiya hakuikanyaga tena hadi Kwaresima, na mpaka leo akija hukaa karibu na geti.

Mimi ndiye niliyekuwa na ile simu ya muziki. Niliusimamisha makusudi alipofika mbele ya kiti, nikidhani namsaidia.

Basi nataka michezo ya watu wazima isiyomdhalilisha mtu, isiyotaka mbio sana, na isiyotegemea stima, maana stima ya sikukuu sote twaijua. Na tafadhali msiniambie karaoke.

---

Mpwani_Mgumu · Desemba 2, saa 3:25 usiku

Karaoke.

---

Mpwani_Mgumu · Desemba 2, saa 3:31 usiku

Natania, kaka. Lakini kwa nini msiende Pirates tu? Upepo bure, maji bure, mpira wa ufukweni, kila mtu ajifurahishe anavyotaka.

---

KatibuWaKwaya · Desemba 2, saa 4:02 usiku

@Mpwani_Mgumu wewe umewahi kwenda Pirates tarehe 26 Desemba? Hata mchanga wa kuweka kikombe hupati. Utapoteza watoto wanne na kuokota watano wasio wako. Na bibi wa miaka themanini umpeleke akafanye nini, apande ngamia?

@MkaaBamburi mimi nimeandaa hizi shughuli miaka mingi kanisani kwetu upande wa Changamwe. Yangu ni mawili tu kabla hujachagua mchezo wowote.

La kwanza, saa. Watu hupanga michezo baada ya chakula, na hapo ndipo huharibika. Pilau ikishaingia tumboni, mtu mzima wa Mombasa anatafuta mkeka. Cheza kabla ya kula. Lakini pia usianze saa nane, Desemba hii jua linachoma mpaka kwenye kivuli. Anza saa kumi, kaskazi ikianza kupooza mambo. Jua linatua saa kumi na mbili na nusu hivi, kwa hiyo una saa mbili tamu, kisha chakula magharibi.

La pili, usimvute mtu. Ile "ingia mzee" ndiyo iliyomwangusha, wala si kiti. Mtu asiyetaka kucheza mpe kazi: ashike saa, ahesabu alama, asome maswali, awe mwamuzi. Utashangaa. Baada ya nusu saa mwamuzi ndiye anayepiga kelele kuliko wachezaji.

---

Mama_Wawili · Desemba 2, saa 4:40 usiku

Na mimi niulize swali ambalo nyie wanaume hamliulizi kamwe. Hao watu wazima arobaini wa kucheza, ni pamoja na walio jikoni?

Kwetu Mikindani kila Krismasi ni hivyo hivyo. Wanaume chini ya mwembe, kila mmoja na simu yake. Watoto wanacheza. Sisi tangu asubuhi tunachagua mchele, tunamenya viazi, tunalia na vitunguu. Ukisikia "haya akina mama njooni tucheze", mkono una masala mpaka kwenye kiwiko na mgongo umekataa. Halafu mtu anasimama kutoa shukrani kwa "akina mama wetu kwa chakula kitamu" na tunapigiwa makofi. Makofi hayaoshi sufuria.

Ukitaka michezo ichangamke, tafuteni mpishi wa pilau wa kulipwa siku hiyo, wapo tele, anakuja na sufuria zake na mwiko wake. Ikishindikana, basi timu itakayoshindwa ndiyo itakayoosha vyombo, na timu ziwe mchanganyiko. Hapo utaona baba watu wanavyojibu maswali ya Biblia kama waliosomea upadre.

---

MkaaBamburi · Desemba 3, saa 12:50 asubuhi

@Mama_Wawili dada umenipiga pa mshono. Mpishi nitalipeleka kwa mwenyekiti leo. Na hilo la vyombo naliiba bila kuomba ruhusa.

@KatibuWaKwaya shukrani. Timu nazigawaje? Mwaka juzi mtu alitaka "wapwani na wabara" na ilianza kwa kucheka ikaisha kwa siasa.

---

KatibuWaKwaya · Desemba 3, saa 1:20 asubuhi

Usithubutu. Hata kwa mtaa usigawe, maana mitaa yetu nayo ina makabila yake. Wengine hugawa kwa mwezi wa kuzaliwa lakini kwa wazee haifai, nusu yao kitambulisho kinasema tarehe mosi Januari kwa sababu hakuna aliyeandika siku yenyewe.

Mimi hugawa kwa chai. Mtu anapoingia getini namuuliza: asubuhi mahamri au chapati? Mahamri kushoto, chapati kulia. Mke na mume hutengana papo hapo, na ubishi wa kwanza wa siku unakuwa wa chakula, hauna madhara.

---

BintiMajengo · Desemba 3, saa 2:05 asubuhi

Assalam aleikum na Krismasi njema ya mapema kwenu. Mimi Mwislamu lakini huu uzi umenishinda kupita kimya, kwa sababu kila mwaka jirani zangu Wakristo hutuletea sahani na sisi Idi tunawarudishia, sahani haivuki mlango tupu.

Kwanza la chakula, ingawa hukuuliza. Kama mna jirani Waislamu na mwataka wale nanyi, mwiteni mmoja wao awachinjie huyo mbuzi. Ni dakika tano na kila mtu mtaani atakula bila kuuliza-uliza. Kwetu ndivyo ifanywavyo miaka yote.

La pili mchezo. Chezeni leso, ndizo kanga. Mombasa hii hakuna mwanamke mtu mzima asiye na leso, na kila leso ina jina, yale maneno yaliyochapwa juu yake. Kila mama aje na yake moja. Mwenye leso asome nusu ya jina, timu ya pili imalizie. "Naogopa simba na meno yake..." Watu wote: "...siogopi mtu kwa maneno yake!" Au "Japo sipati..." na wao "...tamaa sikati." Bibi yenu wa miaka themanini atawafagia wote, nnawaambia, hao wameyasoma majina haya tangu hamjazaliwa. Kisha mkimaliza kumalizia, mwapeana leso tupu ya kubuni: timu itunge jina lake la Krismasi, na mshindi apewe doti mpya. Shukeni Biashara Street, mtapata za bei yenu.

Onyo moja tu. Zikagueni kwanza. Leso nyingi ni mafumbo, na mtu akisoma jina huku amemkazia macho mwenziwe, basi hapo hamna Krismasi.

---

Mpwani_Mgumu · Desemba 3, saa 2:15 asubuhi

Nina shangazi anaweza kuvunja kanisa zima kwa leso moja. Binti hajatia chumvi.

---

MzeeWaKete · Desemba 3, saa 4:30 asubuhi

Bao. Kwa nini hakuna aliyetaja bao? Mashimo 32, kete 64, hakuna stima, hakuna kiti cha kuvunjika kwa sababu mtu anaweza kukaa chini. Mchezo wa heshima.

---

Mama_Wawili · Desemba 3, saa 4:41 asubuhi

Shikamoo mzee. Bao tunalipenda, lakini wanacheza wawili na wanane wanatoa maneno. Hao wengine thelathini?

---

MzeeWaKete · Desemba 3, saa 5:10 asubuhi

Marahaba mwanangu. Hao wanane wa maneno ndio mchezo wenyewe. Lakini nakuelewa. Basi liwekwe pembeni tangu saa nane kwa wale wanaofika mapema, maana mtu mwoga wa michezo ya kelele hujisogeza penye bao bila kuulizwa. Mchezo wote ni mrefu. Waanze moja kwa moja kwenye mtaji, kete zote zikiwa tayari mashimoni, wasinamue kwa kutia kete moja moja, mchezo utapungua.

Na vitendawili msivisahau. "Kitendawili!" "Tega!" "Huku ng'o, na kule ng'o." Giza. "Popo mbili zavuka mto." Macho. Wakishindwa watoe mji. Siku hizi vijana wakishindwa wanasema "pita", hawatoi mji! Mji ndio utamu. Umepewa Lamu, unasafiri nao: nikafika Lamu nikakaribishwa hivi, nikala vile, nikaozwa... Hapo mtu mmoja anaweza kuwachekesha watu arobaini robo saa nzima bila kumcheka mtu.

---

Chokaa84 · Desemba 3, saa 2:20 usiku

Nimechelewa lakini nimekuja na mchezo wangu mwenyewe, naamini hamjaucheza. Tunauita *Zakaria*.

Mnakumbuka Luka 1: Zakaria amekuwa bubu, wanamuuliza mtoto aitwe nani, anataka kibao na kuandika "Jina lake ni Yohana". Basi mchezaji ni Zakaria. Hasemi, hatoi sauti, haonyeshi kwa mikono, na kuandika herufi haruhusiwi. Ana kibao cha watoto cha kuandikia na chaki, anachora. Timu yake ina dakika moja ya kujua amepewa neno gani. Maneno yaandike kwenye vikaratasi: hori, malaika, feri ya Likoni, mama mkwe, foleni ya Makupa, mchungaji anayelala zamu, kondoo aliyepotea, kiamshakinywa.

Raha yake ni kwamba asiyejua kuchora ndiye anayechekesha, na watu wanacheka *mchoro*. Mtu mwenyewe haguswi. Kwetu baba mmoja alipewa "mamajusi" akachora ngamia aliyefanana na jagi la maji lenye miguu. Timu yake ikapiga kelele "Arusi ya Kana! Arusi ya Kana!" Mpaka leo tukiona jagi mezani tunasema ngamia kafika.

Pili ni maswali ya Krismasi, lakini yawe ya mtego. Ukiuliza Yesu alizaliwa wapi umeua mchezo. Uliza:

Mamajusi walikuwa wangapi? Wote watasema watatu. Mathayo hataji idadi, zawadi ndizo tatu.

Walimkuta mtoto wapi? Watasema horini. Wachungaji wa Luka ndio waliofika horini. Mamajusi wa Mathayo 2:11 waliingia nyumbani.

Mariamu alipanda nini kwenda Bethlehemu? Punda! Haya, mfungue Biblia mniletee huyo punda. Hayupo.

Luka anataja liwali gani? Hili hapa Mombasa lina ladha yake, maana tulikuwa na maliwali wetu. Katika Biblia ya Muungano ni Kirenio, liwali wa Shamu.

Mpe mtu Biblia awe wa kuthibitisha. Mabishano ya punda peke yake yalituchukua dakika ishirini mwaka juzi, na katekista alikuwa upande wa punda.

---

MkaaBamburi · Desemba 3, saa 2:48 usiku

Katekista upande wa punda 😂 Nimechukua zote mbili. Vibao na chaki nina dukani kwangu.

---

Mjomvu · Desemba 4, saa 1:15 usiku

Kwetu Jomvu tunafanya tombola. Kila mtu tikiti ya shilingi 50, zawadi kubwa mbuzi. Watu wanafurahi sana na jumuiya inabaki na kitu.

---

KatibuWaKwaya · Desemba 4, saa 1:40 usiku

Hapo mimi natofautiana na wewe, ndugu. Mtu kalipa pesa apate mbuzi kwa bahati, tofauti yake na kamari iko wapi? Kijana wa jumuiya anayehangaika kuacha kubeti kwenye simu umwambie nini, kwamba ya kanisani ina baraka?

---

Mjomvu · Desemba 4, saa 1:52 usiku

Mithali 16:33 inasema kura hutupwa na hukumu ni ya Bwana. Na mitume walimpata Mathiya kwa kura. Tusizidishe utakatifu.

---

KatibuWaKwaya · Desemba 4, saa 2:03 usiku

Mathiya hakununua tikiti.

---

Mama_Wawili · Desemba 4, saa 2:10 usiku

Haya, simameni hapo hapo. Mimi naacha dini naingia mfukoni. Waliobaki Mombasa tarehe 26 ni akina nani? Wenye nauli wameshakwenda nyumbani bara, treni imejaa tangu mapema, basi limepanda. Wengi tunaobaki ni tuliopiga hesabu tukaona haitoshi. Sasa mtu huyo anafika kwenye sherehe, kitu cha kwanza aulizwe shilingi 50, na ana watoto wanne. Atasema amesahau pochi, atakaa karibu na geti.

Michezo iwe bure. Na zawadi ziwe ndogo, mtu asione haya kushindwa wala kushinda.

---

Mjomvu · Desemba 4, saa 2:30 usiku

Hilo la mfukoni nimelikubali, dada. Sikulitazama hivyo.

---

BintiMajengo · Desemba 5, saa 4:15 asubuhi

Kuna ule mchezo wa zawadi za kupokonyana, kazini kwetu tulicheza mwisho wa mwaka, dini zote ndani. Kila mtu alete kitu *kutoka nyumbani*, asinunue. Kikombe, kopo la mabuyu, achari ya embe, kitabu. Kifungwe kwa gazeti. Mwachukua vikaratasi vya nambari. Nambari 1 afungua kimoja. Nambari 2 ana hiari: afungue kipya au ampokonye nambari 1. Aliyepokonywa achagua tena, ila haruhusiwi kukirudia kile kile papo hapo. Kitu kikihama mara tatu kimetia nanga, hakiguswi tena. Mwisho nambari 1 apata nafasi ya pili, maana mwanzo hakuwa na wa kumpokonya.

Kwetu watu waliacha seti ya bilauri wakagombania kopo la achari. Wallahi lilihama mara tatu kwa dakika tano. Mwenye kulitengeneza alikuwa amekaa kimya anatabasamu, hakuna aliyejua ni yake.

---

Chokaa84 · Desemba 5, saa 5:00 asubuhi

Watu arobaini itachukua mpaka Mwaka Mpya. Wagaweni makundi ya kumi kumi.

---

Mpwani_Mgumu · Desemba 6, saa 3:00 usiku

Nami nichangie kitu cha maana kabla hamjanifukuza. Kati! Ule mchezo wa mpira wa soksi, wawili wanarusha, walio katikati wanakwepa. Kila mama wa Kenya aliucheza shuleni. Mwaka fulani tuliucheza kwenye harusi, akina mama wa miaka hamsini wamejifunga leso juu ya dera, wanakwepa kama swala. Mmoja alikwepa mpira kwa kugeuza kiuno tu, sahani ya kaimati mkononi, hakuangusha hata moja. Iwe ya hiari, na muda uwe dakika kumi.

Na ndimu kwenye kijiko. Mayai yaacheni, Krismasi mayai yana kazi.

---

MzeeWaKete · Desemba 7, saa 3:15 asubuhi

Bwana MkaaBamburi, huyo mzee wa kiti ni mtu wa miaka mingapi, na ni mwenyeji?

---

MkaaBamburi · Desemba 7, saa 1:05 usiku

Sabini na kidogo, mzee. Alizaliwa Kisauni, amefanya kazi bandarini mpaka alipostaafu.

---

MzeeWaKete · Desemba 7, saa 1:30 usiku

Basi tayarisha maswali ya Mombasa, si ya Biblia peke yake. Pembe za Moi Avenue zilisimamishwa mwaka gani? 1952, kwa ajili ya kuja kwake Binti Mfalme Elizabeth. Kabla ya daraja la Nyali la 1980, watu walivukia nini? Vijana hawajui kwamba palikuwa na daraja la kuelea, lilifunguliwa 1931. Kengeleni yaitwa Kengeleni kwa nini? Kwa ile kengele ya Frere Town, makazi ya watumwa waliokombolewa, yaliyoanzishwa 1875. Krapf alifika Mombasa mwaka gani? 1844. Ngome ya Yesu Wareno walianza kuijenga lini? 1593.

Mpe huyo bwana karatasi ya maswali uwe umemwendea wewe, nyumbani kwake, kabla ya siku. Usimwambie aje acheze. Mwambie wataka msaada wa kuyasahihisha.

---

MkaaBamburi · Desemba 7, saa 1:58 usiku

Sawa, mzee. Nitakwenda.

---

MkaaBamburi · Desemba 27, saa 5:20 asubuhi

Narudi na ripoti, maana nimeona mnaniuliza kule chini. Sauti imekwisha, naandika nikiwa nimelala.

Kwa mzee nilikwenda tarehe 14, jioni. Nilikaa mlangoni na karatasi yangu. Nilitaka kuanza na maswali, nikajikuta nimeanza na kiti. Nikamwambia mimi ndiye niliyesimamisha muziki. Akaniambia, "Najua. Nilikuona ukinitazama." Akanyamaza. Kisha akavaa miwani, akachukua karatasi, akaanza kukosoa. Swali la daraja la kuelea alilifuta akaliandika upya, akaongeza maswali manane yake ambayo mimi mwenyewe singejibu hata moja.

Tarehe 26 saa tisa na nusu tuktuk inaingia, mzee ndani, na kiti chake cha mbao cha nyumbani kimefungwa kwa kamba nyuma. Watu wakatazamana. Akakishusha, akakiweka chini ya mwembe, katikati, akakaa. Hakuna aliyesema neno. Nilikuwa nimemwomba mwenyekiti aseme mwanzoni simu zote zikae kapuni mpaka chakula, na kapu lilipozunguka, yule aliyerekodi mwaka jana alitia ya kwanza.

Mahamri walikuwa wengi kuliko Chapati, ikabidi wanne wahame kwa nguvu, na mmoja mpaka sasa anasema alionewa.

Leso: Bibi aliwafagia, kama Binti alivyosema. Nusu ya jina haijaisha kutoka mdomoni, yeye kashamaliza. Moja tuliificha, ilikuwa kali mno na mwenye nayo alikuwa akitabasamu vibaya.

Maswali ya Biblia: vita vya punda, kama ilivyoahidiwa. Lakini kilichonibakia ni swali la nabii mwanamke aliyekuwa hekaluni, mjane wa miaka themanini na minne. Kimya. Bibi akainua kidole polepole: "Anna binti Fanueli. Mwenzangu." Kumbe naye ametimiza themanini na minne mwaka huu, na hakuna aliyekuwa anajua. Tuliimba hapo hapo.

Zakaria: mpishi tuliyemlipa alitoka jikoni na mwiko akaomba zamu. Alipewa "foleni ya Makupa". Alichora mistari tu, mingi, mpaka kibao kikawa cheupe chote, timu ikapata kwa sekunde kumi.

Yaliyoharibika: ndimu. Nilinunua ishirini, watoto walizipeleka jikoni, zikakamuliwa kwenye kachumbari. Kati nayo ilidumu dakika nne, mpira ukapanda paa la jirani. Na zawadi za kupokonyana tulifanya makundi manne lakini kundi moja halikufuata nambari, wakagombania thamosi, nikaamua kutofika karibu.

Maswali ya Mombasa mzee aliyasoma mwenyewe, amesimama nyuma ya kiti kama yuko mimbarini. Kijana wetu wa chuo akajibu kwamba kabla ya 1980 watu walivuka Nyali "kwa Google Maps". Mzee alicheka mpaka akakaa. Kisha akaeleza lile daraja lilivyokuwa likitikisika chini ya magurudumu, na watu waliacha alama zao wakamsikiliza tu, pilau imeshaiva na hakuna aliyeinuka.

Chapati walishindwa. Waliosha vyombo. Mwenyekiti ni Chapati.

Matumizi ya michezo shilingi 3,650, doti ya leso ndani.

---

Mama_Wawili · Desemba 27, saa 5:41 asubuhi

Mwenyekiti kaosha sufuria ya pilau?

---

MkaaBamburi · Desemba 27, saa 5:44 asubuhi

Ile kubwa. Kwa mchanga na makumbi ya nazi. Bibi alimsimamia.

---

MzeeWaKete · Desemba 27, saa 6:30 mchana

Na mzee alikaa wapi wakati wa kula?

---

MkaaBamburi · Desemba 27, saa 6:52 mchana

Pale pale katikati, kwenye kiti chake. Usiku tuktuk ilikuja imejaa wajukuu, kiti hakikuingia. Kiko kwangu. Amesema nikitunze mpaka mwakani.

---

Mpwani_Mgumu · Desemba 27, saa 7:10 mchana

Kina miguu yote minne?

---

MkaaBamburi · Desemba 27, saa 7:13 mchana

Minne. Mvule mtupu.